Mfuko upi wa kahawa ya kukaanga uende Ulaya: foili, kaki, wa kuoza, au plastiki ya aina moja?

Stoo yangu hapa Kiboriloni, Moshi, ina katoni sita za mifuko ya gramu 250 ambayo haitavuka mpaka kamwe. Ni mifuko mizuri: myeusi, ina vali, ina zipu, na picha ya mlima imekaa vizuri kiasi kwamba wageni wanaoshuka kutoka Marangu huinunua kabla hawajainusa kahawa yenyewe. Niliagiza 10,000 kwa sababu muuzaji hakukubali oda ndogo zaidi, na nikalipa kabla ya kuuliza. Miezi mitatu baadaye mnunuzi wangu wa Hamburg akaniletea fomu ya kurasa mbili. Mfuko una matabaka mangapi? Kila tabaka ni kitu gani, na lina uzito gani? Ndani yake kuna plastiki iliyorejelezwa asilimia ngapi? Kipimo cha maabara cha kemikali za PFAS kiko wapi? Nilipomhamishia muuzaji maswali yale, alijibu kwamba mfuko ni salama kwa chakula. Basi, hakuna zaidi. Mnunuzi akaniandikia kwamba kahawa anaitaka, ila mfuko hawezi kuuingiza.

Nilikuwa nimenunua mbuzi kwenye gunia. Tangu siku hiyo nimejaribu aina nne za mifuko, nimesoma kanuni hadi macho yakauma, na nimezungumza na wenzangu wa Hai, Rombo na Usa River waliokumbwa na fomu za namna hiyo. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mkaangaji mdogo anayetaka kuchagua mfuko wiki hii, kabla hajatuma malipo ya awali.

Kilichobadilika

Umoja wa Ulaya umepitisha Kanuni namba 2025/40 ya vifungashio na taka zake. Ilianza kuwa na nguvu ya kisheria 11 Februari 2025, na sehemu kubwa ya masharti yake inatumika kuanzia 12 Agosti 2026. Ya zamani ilikuwa agizo ambalo kila nchi ililitungia sheria yake. Hii ni kanuni moja inayozibana nchi zote 27 moja kwa moja, na haiulizi kifungashio kimetoka Moshi au Milano.

Kwa mfuko wa kahawa, mambo matatu ndiyo mazito. La kwanza, kuanzia 2030 kila kifungashio lazima kiweze kurejelezwa, na kitapewa daraja: A kikifikia asilimia 95, B kikifikia 80, C kikifikia 70. Chini ya 70 hakiingii sokoni. Kuanzia 2038 hata C inatoka, zinabaki A na B. La pili, kuanzia 2030 plastiki inayogusa chakula, ikiwa si ya aina ya PET (ile ya chupa za maji), iwe na angalau asilimia 10 ya plastiki iliyorejelezwa. Ya PET iwe na 30. La tatu, kuanzia hiyo Agosti 2026, kifungashio kinachogusa chakula kisiwe na PFAS kupita viwango vilivyowekwa. Hizi ni kemikali zinazotiwa kwenye karatasi ili isinyonye mafuta wala maji, na kahawa iliyokaangwa ina mafuta, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sana.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kanuni hiyo inamhesabu kama "mtengenezaji" wa kifungashio yule ambaye jina lake au nembo yake iko juu ya mfuko. Mfuko unaweza kuwa umetoka kiwanda cha China au Nairobi, lakini kama umeandikwa jina la kampuni yako ya Moshi, wewe ndiye unayetakiwa kuwa na faili la kiufundi na tamko la kukidhi masharti, na kulitunza miaka 5 kwa kifungashio cha kutumika mara moja. Mwagizaji wa Ulaya anatakiwa kuhakikisha unavyo kabla hajaweka mzigo sokoni. Ndiyo maana ya ile fomu. Mnunuzi wangu hakuwa ananisumbua. Alikuwa anajikinga yeye mwenyewe.

Mfuko wa foili

Tuanze na huu kwa kuwa ndio ulioenea. Mara nyingi una matabaka matatu yaliyogandishwa pamoja: PET nje kwa ajili ya maandishi, karatasi nyembamba ya alumini katikati, na polithini ndani kwa ajili ya kubandika kwa joto. Kwa kulinda kahawa hauna mpinzani. Kahawa iliyokaangwa inatoa hewa ya ukaa kwa siku nyingi na inachukia oksijeni, unyevu na mwanga. Vali inatoa ile hewa, alumini inazuia hayo mengine. Kahawa yangu ndani ya foili ilikaa miezi tisa na bado ilikuwa na harufu ya kumwamsha jirani.

Tatizo ni kule inakoishia. Matabaka hayo hayatenganishwi kwa njia za kawaida za urejelezaji, kwa hiyo mfuko unaishia kwenye tanuri la taka. Kwa madaraja ya 2030, sioni utakapopita. Na ule wangu ulikuwa na dhambi ya ziada: weusi. Rangi nyeusi ya masizi inameza mwanga ambao mashine za kuchambua taka hutumia kutambua aina ya plastiki. Mashine haiuoni mfuko, unapita kama haupo. Kama unapenda mfuko mweusi, muulize muuzaji kama ana wino mweusi usio na masizi. Upo.

Kuna wanaosema wao wanatumia mfuko wa kung'aa tu, si foili. Ujue tofauti. Ukunje kwa kidole. Ukibaki umekunjika kama karatasi ya chokoleti, ni alumini kamili. Ukijirudisha, ni plastiki iliyopakwa alumini kwa mvuke, na alumini hiyo ni kidogo mno. Huo wa pili una nafuu kidogo kwenye urejelezaji, lakini bado kama umechanganya PET na polithini unabaki na tatizo lilelile.

Mimi foili naitumia kwa duka la hapa mjini na kwa wageni. Nitamaliza zile katoni sita hapahapa.

Mfuko wa kaki

Huu ndio unaonisikitisha zaidi, kwa sababu watu wananunua kwa nia njema. Una sura ya karatasi, rangi ya udongo, na unaonekana kama kitu ambacho bibi angekubali. Wanunuzi wadogo wa Ulaya nao wanaupenda kwa macho. Lakini hebu chukua mmoja, uloweke kwenye beseni usiku kucha, asubuhi uchane. Karatasi itachubuka, na chini yake utakutana na ngozi ya plastiki, mara nyingine na foili vilevile. Ni mfuko wa foili uliovaa kanzu ya karatasi, basi.

Kwa kanuni ya Ulaya, kifungashio kilichounganisha vitu viwili visivyotenganishwa kwa mkono kinahesabiwa kuwa cha mchanganyiko, isipokuwa kimoja kiwe kidogo sana, kisichozidi asilimia 5 ya uzito wote. Mifuko ya kaki ya kahawa niliyoipima plastiki yake ilizidi hapo mbali. Kiwanda cha kurejeleza karatasi kinauona kama uchafu wa plastiki, na cha plastiki kinauona kama uchafu wa karatasi. Tena ni hapa kwenye karatasi ndipo swali la PFAS linapouma zaidi. Usikubali mfuko wa kaki bila cheti cha maabara kinachotaja PFAS kwa jina.

Mfuko wa kuoza

Nilidhani huu ndio jibu. Mwenzangu mmoja wa Arusha aliagiza kutoka Asia, kwa bei karibu mara mbili ya foili, akaandika mbele kwa herufi kubwa kwamba unarudi udongoni. Nilimwonea wivu. Kisha nikasoma kifungu cha kanuni kinachohusu mboji.

Ifikapo 12 Februari 2028, vinavyotakiwa kuoza ni vichache na vimetajwa: vifuko vya chai na kahawa vya kuchovya, vikasha laini vya kahawa vinavyotupwa na masalia yake, na stika zinazobandikwa kwenye matunda na mboga. Nchi moja moja zinaweza kuongeza vitu vichache kama mifuko myepesi ya kubebea. Vifungashio vingine vyote, hata vilivyotengenezwa kwa plastiki inayooza, lazima viwe vimebuniwa ili virejelezwe kuwa malighafi tena. Mfuko wa kahawa ya gramu 250 haumo kwenye orodha ya kuoza. Maana yake mfuko ambao sifa yake pekee ni kuoza unaelekea kwenye mlango unaofungwa.

Na sababu yao ina mantiki. Plastiki nyingi za namna hii haziozi kwenye shimo la nyuma ya nyumba. Zinahitaji mtambo wenye joto kubwa. Zikichanganyika na plastiki ya kawaida zinaiharibu. Juu ya hayo, uwezo wake wa kuzuia hewa ni mdogo, na mzigo unaokaa wiki kadhaa baharini kutoka Tanga au Mombasa unafika umepoteza harufu. Kama unauza vifuko vya kuchovya kikombeni, hapo ndipo mfuko wa kuoza una kazi yake halali. Kwa mfuko mkubwa, mimi nimeuacha.

Plastiki ya aina moja

Unabaki mfuko ambao matabaka yake yote ni ya familia moja, ama polithini tupu ama polipropilini tupu, na katikati kuna utando mwembamba wa kuzuia oksijeni uitwao EVOH, ambao ukibaki chini ya asilimia 5 kwa kawaida haukwamishi urejelezaji. Vali na zipu nazo ziwe za plastiki hiyohiyo. Ukiuona hauvutii. Ni plastiki na unaonekana ni plastiki. Mteja mmoja wa hapa aliniambia, "Mama, umerudi nyuma, ule wa karatasi ulikuwa wa kisasa." Nilimwelewa, kwa sababu nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea 1 Juni 2019, na tumefundishana kwamba plastiki ni adui na karatasi ni rafiki. Kwa kikapu cha sokoni Mbuyuni ni sawa. Kwa kahawa inayosafiri hadi Hamburg hesabu inageuka, kwa kuwa kule kuna mitambo ya kukusanya na kuyeyusha polithini safi, ila hakuna wa kubandua karatasi kwenye foili.

Kasoro zake nimezionja. Nje na ndani vinayeyuka kwenye joto linalokaribiana, kwa hiyo mashine yangu ya kubandika niliyoizoesha foili iliukunja mfuko ukawa kama jani lililopitiwa na moto. Niliharibu zaidi ya mia moja kabla sijashusha joto na kuongeza muda wa kubana. Kuna polithini iliyovutwa kiwandani ili tabaka la nje livumilie joto zaidi, ukiipata, ichukue. Muda wa kukaa kwa kahawa nao ni mfupi kuliko ndani ya foili. Mimi naandika miezi sita, na sitaki kudanganya zaidi ya hapo. Bei ilikuwa mara moja na nusu ya foili.

Lipo pia lile sharti la asilimia 10 ya plastiki iliyorejelezwa. Polithini iliyorejelezwa na kuruhusiwa kugusa chakula ni adimu, na kanuni inataka mabaki yenyewe yawe yamekusanywa kwa viwango vinavyolingana na vya Ulaya. Huwezi kuokota tu plastiki ya Kilombero ukaichanganya. Kwa hiyo usinunue leo mfuko wa kutosha mpaka 2030. Nunua wa mwaka mmoja, hata kama bei ya mfuko mmoja inapanda.

Kopo la bati na chupa ya kioo nimeviacha nje ya ulinganisho. Vinarejelezwa bila ubishi, ila uzito wake unakula nauli yote.

Uingereza si Ulaya hiyo

Watu huwa wanazichanganya, na makosa yanaanzia hapo. Uingereza ina kodi ya plastiki tangu 1 Aprili 2022. Ilianza pauni 200 kwa tani, na Aprili 2025 ilifika 223.69, kwa kila kifungashio cha plastiki chenye chini ya asilimia 30 ya plastiki iliyorejelezwa. Inahesabu hata mfuko unaoingia ukiwa umejaa kahawa. Ukisikia hivyo unaogopa, lakini piga hesabu. Mfuko wangu wa polithini una gramu 11. Tani moja ni mifuko kama 90,000, yaani kahawa tani 22 na ushee. Kodi kwa mfuko mmoja haifiki hata theluthi moja ya peni. Na mwagizaji asiyefikisha tani 10 za plastiki kwa miezi 12 halipi, ingawa kumbukumbu anapaswa kuweka.

Sasa angalia mfuko wa kaki unavyogeuka rangi hapo. Kwa kodi ya plastiki, kama karatasi yake ni nzito kuliko plastiki, hauhesabiwi kuwa plastiki, unapita bure. Lakini Uingereza ina mfumo wa pili, wa ada ya kulipia ukusanyaji wa taka za majumbani, na katika mwaka wake wa kwanza, 2025 hadi 2026, karatasi iliyogandishwa na plastiki ilipangiwa pauni 461 kwa tani, juu ya plastiki yenyewe yenye 423, wakati karatasi tupu ilikuwa 196. Mfuko uleule unasamehewa na sheria moja na kuadhibiwa na nyingine. Ada hiyo inawahusu wenye mauzo ya zaidi ya pauni milioni mbili na zaidi ya tani 50 za vifungashio kwa mwaka. Mnunuzi mwenye mgahawa mmoja haimgusi. Mwenye maduka mengi ataikumbuka kila anapokupangia bei.

Kwa hiyo kwa mnunuzi mdogo wa Uingereza una nafasi ya kupumua ambayo Ujerumani haikupi. Marekani ni jimbo kwa jimbo: Oregon ilianza mfumo wake Julai 2025, California ina sheria ya 2022 yenye malengo ya 2032. Muulize mnunuzi wako yuko jimbo gani, na umwachie yeye hesabu.

Au gunia tu

Kabla hujachagua mfuko, jiulize kama kweli unahitaji kuukaanga mzigo hapa. Najua ninachosema kitawaudhi wenzangu, maana sote tunataka thamani ibaki Kilimanjaro, na mimi pia nakaanga kwa sababu hiyo. Lakini ukipeleka kahawa safi, yaani mbichi iliyokobolewa, kwenye gunia la juti la kilo 60 lenye mfuko wa ndani wa kuzuia hewa, fomu za mfuko wa rejareja zote zinamwangukia yule anayekaanga na kuandika jina lake kule. Kwa Ujerumani kuna nafuu nyingine: wana kodi ya kahawa ya yuro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa, na kahawa mbichi haitozwi. Ushuru wa forodha hatulipi, kwa kuwa Tanzania imo kwenye mpango wa nchi zenye maendeleo duni, lakini hiyo kodi ya ndani inabaki palepale.

Kwenye gunia angalia mambo mawili tu. Juti iwe imelainishwa kwa mafuta ya mimea, siyo ya petroli, maana yale ya petroli yanahamia kwenye kahawa. Na mfuko wa ndani uombewe karatasi zake kama mfuko mwingine wowote wa plastiki unaogusa chakula.

Njia ya katikati ni kukaanga na kufungasha hapa kwa jina la mnunuzi. Hapo nembo ni yake, "mtengenezaji" kwa mujibu wa kanuni ni yeye, na mfuko anauchagua na kuulipia yeye. Unapoteza jina lako sokoni, na hilo linauma. Kikundi kimoja cha Machame nilichokaa nacho kimechagua njia hii kwa miaka miwili ya kwanza, ili wajifunze karatasi kwa gharama ya mwingine. Sikuwalaumu.

Neno kwa wenzetu wa mboga na parachichi

Wanaofungasha maharage machanga na njegere huko Usa River na Tengeru kwenye vitrei vya plastiki, mna tarehe yenu: 1 Januari 2030. Matunda na mboga mbichi chini ya kilo 1.5 hayataruhusiwa kwenye plastiki ya kutumika mara moja, isipokuwa nchi husika itoe msamaha pale inapothibitishwa kwamba bila plastiki mboga itanyauka, itapondeka au kupata vijidudu. Maharage machanga yana hoja nzuri ya kunyauka, lakini hoja hiyo itajengwa kwa vipimo. Anzeni kupima sasa, muikabidhi TAHA, chama cha sekta ya mboga, matunda na maua, ikiwa na takwimu. Na stika ya parachichi ni ya Februari 2028, siyo 2030. Ni kitu kidogo kama ukucha, na kitasimamisha kontena zima.

Nilichochagua

Ujerumani na Uholanzi: polithini ya aina moja, rangi nyeupe, maandishi machache, oda ya 3,000 kutoka kwa mtengenezaji aliyekubali kiasi hicho kwa bei ya juu kidogo. Uingereza: mfuko huohuo, kwa sababu sitaki kuendesha stoo mbili. Mnunuzi mpya ambaye hatujafahamiana: gunia kwanza. Hapa nyumbani: foili mpaka iishe.

Safari hii kabla ya kulipa nilimwandikia muuzaji kwa barua pepe, si kwa simu, nikataka anijibu kwa maandishi: jina na uzito wa kila tabaka, vali na zipu ni za plastiki gani, wino mweusi una masizi au hauna, cheti cha PFAS na cha metali nzito kutoka maabara inayotambulika, chenye tarehe na namba ya toleo la mfuko huu, siyo mfuko unaofanana nao, na mifuko 50 ya bure niijaribu kwenye mashine yangu. Wauzaji watatu kati ya watano hawakujibu. Wa nne alituma cheti cha mfuko mwingine. Wa tano alichukua siku kumi na tisa, akatuma kila kitu, na kwenye kisanduku cha mifuko ya majaribio akaweka kikaratasi chenye joto la kubandika lililoandikwa kwa kalamu.

Mzigo wa kwanza ulipita Hamburg bila simu hata moja.